Jinsi ya kuchagua apu ya kurekodi kikao kirefu cha kazi, na kuijaribu kabla ya siku yenyewe

Wakuu habari za kazi. Hii naandika kwa ajili ya makatibu wenzangu, yani yule mtu ambaye kikao kikianza tu mwenyekiti anamgeukia anauliza "katibu uko tayari?" na kuanzia hapo mpaka watu wanaamka kwenda kula saa tisa yeye ndio kumbukumbu ya ofisi nzima. Kama kikao chenu ni cha nusu saa na unaandika kwa mkono unamaliza, haikuhusu sana. Nazungumzia vile vya masaa matatu, manne, matano. Baraza la wafanyakazi, bodi, bajeti, mkutano mkuu wa SACCOS, vikao ambavyo watu wawili wanaongea kwa pamoja na ajenda ya tatu mliyoifunga saa nne asubuhi inakuja kuibuka tena kwenye mengineyo.

Niseme kwanza kwa nini hili jambo liko moyoni kwangu. Miaka kadhaa nyuma nilikuwa katibu wa baraza la wafanyakazi, ofisi siitaji. Nilirekodi kwa apu niliyoipenda sababu ilikuwa na muonekano mzuri, mawimbi ya sauti yanacheza kwenye skrini, kila kitu kimepangika. Kikao kikaenda karibu masaa matano. Katikati dereva mmoja alisimama akaeleza vizuri kabisa malimbikizo yao ya masaa ya ziada, tarehe kwa tarehe, na uongozi ukajibu ukataja mpaka mwezi wa kulipa. Kwenye karatasi niliandika "malimbikizo, uongozi umeahidi" basi, nikijua sauti ipo. Dakika za mwisho simu ikaisha chaji ikazima. Nilipokuja kuiwasha faili lipo, MB zake zipo, lakini halifunguki, nikabonyeza weee halifunguki, nikalifuta kwa hasira. Kikao kilichofuata tulipofika kwenye yatokanayo kila upande ukawa na mwezi wake wa kulipa, na yule dereva akaniangalia mimi. Hakuniambia kitu. Aliniangalia tu.

Tangu hapo apu ya kurekodi siichagui kwa muonekano wala kwa nyota ilizopewa. Naichagua kwa swali moja, simu ikizima ghafla saa ya nne ya kikao, nabaki na nini? Maswali mengine yote yanafuata nyuma ya hilo.

Hatua ya 1: Kijue kikao chako kwanza

Kabla hujafungua Play Store kaa chini uandike vitu vichache. Kikao ni cha ana kwa ana au cha mtandaoni? Kinachukua masaa mangapi kwa kweli, sio yale ya kwenye barua ya mwaliko? Watu wangapi, meza ndefu au duara? Kinaongewa Kiswahili tupu, au ndio vile vyetu vya Kiswahili kilichochanganywa na Kingereza? Na sauti ikishapatikana nani ataisikiliza, we peke yako ukiandika muhtasari, au itaombwa na mkaguzi, mwanasheria, mwenyekiti?

Hiki cha mwisho watu hawakifikirii. Kama ni ya kwako tu kuandikia muhtasari unahitaji faili dogo lenye maneno yanayosikika. Kama kuna uwezekano ikaenda kwenye shauri unahitaji faili zima lisilokatwakatwa lenye muda sahihi, na hapo baadhi ya vitu ambavyo apu zinajisifia navyo inabidi uvizime. Nitavitaja.

Hatua ya 2: Angalia apu inahifadhi faili la aina gani

Hapa ndio penyewe, nitakaa kidogo naomba uvumilie.

Apu nyingi za simu zinahifadhi kwa M4A. Ni fomati nzuri, sauti safi, faili dogo. Shida yake iko hivi, faili la M4A (na 3GP pia, ni ukoo mmoja) lina kitu kama faharasa ndani yake, orodha inayoiambia simu kipande gani cha sauti kiko wapi, na kwa kawaida hiyo faharasa inaandikwa mwisho kabisa pale unapobonyeza kusimamisha. Simu ikizima kabla hujabonyeza, sauti yako yote ya masaa manne ipo mle ndani lakini faharasa haipo, na bila faharasa simu haijui ianzie wapi. Ndicho kilichonikuta. Na kitu kinachoniuma ni kwamba faili kama lile mara nyingine linaokolewa, kuna programu ya bure ya kompyuta inaitwa untrunc, unaipa faili bovu pamoja na faili zima lililorekodiwa na simu ileile kwa apu ileile kwa setingi zilezile, inajifunza mpangilio kutoka kwenye lile zima inalijenga hili bovu. Mi nilikuja kujua baada ya kufuta. Kwa hiyo hata kama husomi hii makala yote shika hili moja, faili la kikao lisilofunguka usilifute, linakili pembeni kwanza.

MP3 iko tofauti. Imejengwa kwa vipande vidogo vidogo na kila kipande kina kichwa chake, kinajitegemea. Ikikatika katikati unapoteza sekunde za mwisho tu, huko nyuma kote panasikika. OGG nayo imejengwa kwa kurasa kurasa, tabia ni hiyohiyo.

WAV ndio sauti ghafi kabisa isiyobanwa. Kichwa chake kiko mwanzoni na kinataja urefu wa faili, simu ikizima kabla hakijasahihishwa kinaweza kuonyesha sifuri, lakini sauti ipo na kompyuta yenye Audacity (programu ya bure ya kuhariri sauti) inaweza kuiingiza kama data ghafi ikasikika. Tatizo la WAV ni uzito, na ina ukomo wa GB 4 kwa faili moja kwa sababu ya namna urefu unavyoandikwa kwenye kile kichwa. Ukirekodi stirio (njia mbili za sauti, kushoto na kulia) kwa kiwango cha CD unafika huko baada ya masaa sita na nusu hivi. Memori kadi za zamani za FAT32 nazo ukomo wao kwa faili ni hapohapo GB 4.

Ushauri wangu basi: kwa kikao kirefu tafuta apu inayokupa MP3 au OGG. Kama apu unayoipenda ina M4A tu sio lazima uikimbie, nyingine zimetengenezwa vizuri zinajiokoa zenyewe ukizifungua tena, lakini usiamini maelezo, utaijaribu mwenyewe kwenye hatua ya 7. Na kama ina uwezo wa kugawa rekodi yenyewe kila baada ya saa moja au nusu saa, hiyo ni sifa kubwa sana kuliko rangi na mawimbi, maana hata mambo yakiharibika unapoteza kipande sio kikao.

Hatua ya 3: Piga hesabu ya nafasi

Hesabu ni rahisi. Apu itakuonyesha kiwango kwa kbps (kilobiti kwa sekunde, yani data inayotumika kwa kila sekunde ya sauti), chukua hiyo namba zidisha kwa 0.45 unapata MB kwa saa moja. Kbps 128 ni kama MB 58 kwa saa. Kbps 64 ni kama MB 29. Kwa hiyo kikao cha masaa matano kwa 64 ni kama MB 145, hata simu ndogo inabeba. WAV ya mono (njia moja ya sauti) kwa sampuli 44,100 kwa sekunde, yani sauti inapimwa mara 44,100 kila sekunde, inakula kama MB 317 kwa saa, masaa matano ni zaidi ya GB moja na nusu.

Mi natumia MP3, mono, 64. Mono kwa sababu kwa simu iliyowekwa katikati ya meza stirio inakuongezea uzito bila faida ya maana.

Usishuke sana ukitafuta udogo. Zile rekodi za AMR, ambazo ni kiwango cha simu za kupiga za zamani, zinachukua sampuli 8,000 tu kwa sekunde, yani kila sauti iliyo juu ya hertzi 4,000 inapotea, na huko juu ndiko inakokaa sehemu kubwa ya s na f, na ile pumzi ya h ambayo tangu mwanzo ni dhaifu inazidi kufifia. Sasa fikiria Kiswahili chetu. "Atalipa" na "hatalipa" tofauti yake ni pumzi moja. Msemaji yuko mwisho wa meza, feni inazunguka, faili limebanwa mpaka h imekufa, utaandika nini kwenye muhtasari? Mi nimeshawahi kurudia sekunde mbili za rekodi zaidi ya mara ishirini kwa ajili ya hiyo h, na mwisho nikampigia simu msemaji. Sampuli 16,000 iwe ndio chini yako kabisa, 44,100 ukiweza.

Hatua ya 4: Hakikisha inarekodi skrini ikiwa imezimwa

Masaa matano skrini inawaka betri inaliwa sana, kwa hiyo lazima uzime skrini na rekodi iendelee. Kuanzia Android 9 iliyotoka 2018 mfumo unazuia apu iliyo nyuma isitumie maiki, isipokuwa iwe imeweka notifikesheni ya kudumu kule juu ikionyesha kwamba inafanya kazi. Apu nzuri utaiona, ukianza kurekodi inakaa kule juu na muda unahesabu. Apu isiyoweka ile notifikesheni achana nayo, na ukiulizwa ruhusa ya notifikesheni ikubali, hii sio ya kukataa.

Simu ikiwa ya karibuni (Android 12 kwenda juu) utaona kialama cha kijani pembeni ya skrini maiki ikitumika, iPhone kinakuwa cha rangi ya chungwa. Kizoee kukitazama kwa jicho la pembeni wakati wa kikao ukiwasha skrini. Kikiwa hakipo, simamisha mjumbe kwa heshima, shughulikia.

Halafu kuna hizi simu zetu tunazotumia wengi, Tecno, Infinix, itel, Xiaomi, zina mfumo mkali wa kubana betri, unakuta zenyewe zinaamua apu fulani imekaa muda mrefu nyuma zinaizima. Sio ubovu wa apu. Ingia kwenye setingi za ile apu, sehemu ya betri, ruhusu itumie bila kikwazo, na kama kuna sehemu ya kujiwasha yenyewe ruhusu pia. Ukifungua orodha ya apu za karibuni unaweza kukuta kuna alama ya kufuli, ifunge ili usije ukaifagia na nyingine. Na zile apu za kusafisha simu, za kuongeza spidi, siku ya kikao zisiguswe.

Ruhusa nyingine sasa. Apu ya kurekodi inahitaji maiki, mahali pa kuhifadhi, na notifikesheni. Ikikuomba majina ya watu wako au mahali ulipo jiulize inavitakia nini. Mi nakataa, ikigoma kufanya kazi naifuta.

Hatua ya 5: Jua simu ikiita itafanyaje

Hiki ndicho kinachoua rekodi nyingi na wenyewe hawajui. Simu ikipigwa na ukapokea, apu nyingine zinasimama na kuendelea zenyewe baadaye, nyingine zinasimama jumla, nyingine zinaendelea kuhesabu muda lakini zinarekodi ukimya. Hiyo ya tatu ndiyo mbaya, maana ukitazama unaona namba zinasonga unatulia. Kwenye Android mazungumzo ya simu au ya WhatsApp yakishika maiki, apu ya kawaida inapewa kimya, ndivyo mfumo ulivyo tangu Android 10.

Kwa hiyo simu ya kurekodia iweke kwenye hali ya ndegeni. Ile alama ya ndege, bonyeza. Kama haiwezekani sababu unasubiri simu ya bosi, basi tumia simu ya pili kurekodia, hata ya zamani isiyo na laini ilimradi betri yake nzima. Zima na bluetooth, kuna watu wamerekodi kikao kizima kupitia vile vya masikioni vilivyokuwa ndani ya mkoba.

Na hii ndio sababu pia kikao cha Zoom au Meet huwezi kukirekodi kwa apu ya sauti kwenye simu hiyohiyo unayoongelea. Utapata ukimya. Kwa mtandaoni tumia kitufe cha kurekodi cha hukohuko kama mwenye kikao ameruhusu. Zoom hata ya bure inarekodi kwenye kompyuta na mwisho inakupa faili la sauti peke yake pembeni ya lile la video. Ikishindikana, fungulia sauti kwenye laptopu na weka simu nyingine karibu na spika, sio nzuri sana lakini inasikika.

Hatua ya 6: Fikiria kazi ya baadaye, kusikiliza na kuandika

Saa moja ya kikao mi inanichukua kama masaa manne kuiandika vizuri, kwa hiyo apu inayonisaidia kusikiliza ina thamani karibu sawa na inayorekodi salama. Ninachotaka ni vitu vitatu. Kitufe cha kurudi nyuma sekunde kumi. Spidi ya kuongeza na kupunguza bila sauti ya mtu kubadilika. Na uwezo wa kuweka alama wakati kikao kinaendelea, yani mjumbe akitoa hoja nzito unabonyeza, inabaki alama hapo.

Ikikosa alama sio mwisho wa dunia. Kwenye karatasi, kila ajenda inapoanza andika muda wa rekodi pembeni: Yatokanayo 0:22, Ajenda 4 1:47, azimio 2:05. Hii tabia imeniokoa kuliko apu yoyote, na tangu lile tukio nimeongeza kitu, ahadi yoyote yenye tarehe au fedha naiandika kamili kwa mkono papo hapo hata kama sauti ipo.

Vile vitu nilivyosema kwenye hatua ya 1 kwamba inabidi uvizime: kuna sifa inaitwa kuruka ukimya, apu inaacha kurekodi watu wakinyamaza. Inavutia kwa sababu faili linakuwa dogo. Zima. Inakula silabi ya kwanza ya mtu anapoanza kuongea (na h zetu ziko hapohapo mwanzoni), na muda wa rekodi haulingani tena na saa ya ukutani, kwa hiyo zile namba zako za kwenye karatasi zinakuwa hazina maana. Kupunguza kelele nako kijaribu kwanza, kwenye chumba kikubwa kinaweza kumchukulia yule wa mwisho wa meza kama kelele kikamfuta. Ila ile ya kurekebisha kiwango cha sauti yenyewe, inayompandisha anayeongea taratibu, hiyo iwashe.

Kuhusu apu zinazobadilisha sauti kuwa maandishi. Nyingi zimetengenezwa kwa Kingereza, fungua orodha ya lugha kabla hujalipa, usidanganyike na picha. Kiswahili kipo kwenye Whisper, ile iliyotolewa bure na OpenAI mwaka 2022, inaweza kukaa kwenye laptopu yako bila intaneti. Google nao waliongeza Kiswahili kwenye kuandika kwa sauti mwaka 2017. Vinasaidia, sikatai, unapata rasimu ya kuanzia. Lakini vinachanganyikiwa na sentensi inayoanza Kiswahili ikaisha Kingereza, majina ya watu na vijiji vinayaharibu, na Whisper ina tabia ya kutunga maneno pale penye ukimya au kelele, sentensi nzima iliyonyooka ambayo hakuna mtu aliyeisema. Kwenye muhtasari wa bodi hiyo ni hatari. Kwa hiyo kila namba, kila jina, kila azimio, rudi kwenye sauti usikilize kwa masikio yako.

Na kuna swali la sauti inaenda wapi. Apu inayobadilisha maandishi kwa intaneti inatuma kikao chenu kwenye seva ya mtu mwingine, mara nyingi nje ya nchi. Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 iliyoanza kutumika Mei 2023, Kenya wana ya kwao ya 2019, na zote zina masharti ya kuzipeleka taarifa za watu nje ya nchi. Kikao cha nidhamu, kikao kilichotaja ugonjwa wa mfanyakazi, mi siwezi kukipeleka huko. Nafanya ndani ya kompyuta au naandika kwa mkono.

Apu zenyewe basi

Nataja chache. iPhone ile Voice Memos iliyokuja na simu inatosha kwa wengi, inaendelea skrini ikizimwa, hakuna haja ya kununua nyingine. Samsung wana ya kwao nayo ina hali ya mahojiano, ni nzuri mkiwa wawili mnatazamana lakini kwa meza ya watu kumi na tano tumia ya kawaida. Wenye Pixel wana Recorder ya Google. Kwa Android nyingine mi nimetumia ASR kwa sababu ya MP3 na uchaguzi wa viwango, Easy Voice Recorder ambayo ni nyepesi kuielewa, na Fossify Voice Recorder ambayo ni ya bure, haina matangazo na msimbo wake uko wazi. Hiyo ya mwisho ndiyo naipa ofisi ninapoulizwa, maana haina mambo mengi.

Matangazo yasiwe kitu kidogo kwako. Apu ya bure inayoonyesha tangazo la video pale unapobonyeza kusimamisha inaweza kuganda hapohapo wakati faili ndio linafungwa. Kama unaipenda ile apu lipia toleo lisilo na matangazo, au omba ofisi ilipie, ni kitendea kazi kama kalamu na karatasi.

Hatua ya 7: Ijaribu, na uiue

Ukishabaki na apu mbili usiamue kwa kusoma. Chukua jioni moja nyumbani, chaji simu ijae, weka redio inayoongea mbali kama mita tatu, anza kurekodi, zima skrini, iache masaa mawili. Andika betri ilianza asilimia ngapi ikaishia ngapi, ilichokula gawa kwa mbili upate cha saa moja, alafu zidisha kwa masaa ya kikao chenu. Kama kwa masaa mawili imekula asilimia 15, matano itakula kama 38, utajua kama unahitaji pawabanki.

Wakati inaendelea mwambie mtu akupigie, usipokee. Baadaye apige tena, pokea ongea dakika moja. Fungua kamera, fungua apu nzito, rudi. Ukimaliza sikiliza kuanzia mwanzo, katikati, na baada ya kila tukio ulilolifanya.

Halafu jaribio lenyewe. Anza rekodi mpya, iache dakika kumi, alafu zima simu kwa nguvu kwa kushikilia kitufe bila kusimamisha rekodi. Washa. Faili lipo? Linafunguka? Limepoteza sekunde ngapi? Rudia kwa kuingia kwenye setingi na kuilazimisha apu isimame. Ile inayokurudishia dakika tisa na zaidi ndiyo ya kwako, hata kama muonekano wake ni wa kizamani. Ile inayokurudishia faili lisilofunguka, ifute siku hiyohiyo usije ukaijaribia kwenye kikao cha watu.

Rudia haya majaribio kila simu inapopata sasisho kubwa la mfumo, setingi za betri mara nyingine zinarudi zilivyokuwa.

Siku yenyewe

Fika mapema. Simu chini yake weka kitambaa au daftari ili migongano ya kalamu na vikombe mezani isisikike kama nyundo, maiki ya chini ielekee wanakokaa waongeaji, mbali na feni, kiyoyozi na projekta. Umbali una gharama, kila ukiuongeza mara mbili sauti inashuka desibeli kama 6, kwa hiyo kusogeza simu mita moja kunaweza kukusaidia kuliko kubadilisha apu. Meza ikiwa ndefu sana weka simu mbili, kila upande moja, na utakuwa na nakala ya pili hapohapo.

Mwombe mwenyekiti atangaze kwamba kikao kinarekodiwa kwa ajili ya muhtasari na aulize kama kuna mwenye pingamizi, na hilo liingie kwenye rekodi na kwenye muhtasari. Sio kwa sababu ya sheria tu. Watu wanaongea mbele yako wakikuamini, na kuna mtu atakuomba usimamishe kidogo aseme jambo la nyumbani kwake. Simamisha kweli, muonyeshe skrini, andika muda uliosimamisha na muda ulioendelea.

Wakati wa chai bonyeza kusimamisha, hakikisha faili limehifadhiwa, sikiliza sekunde chache, anza faili jipya. Hata apu yako iwe nzuri kiasi gani, fanya hivyo. Mtu asijali kuwa na faili tatu za kikao kimoja.

Kikiisha usiondoke chumbani kabla hujahamisha. Lipe faili jina lenye tarehe na kikao, mwaka uanze ili yajipange, nakili kwenye kompyuta ya ofisi na sehemu nyingine moja. Barua pepe ya Gmail inabeba kiambatisho cha MB 25 tu, kwa hiyo masaa matano hayapiti; kwa WhatsApp inapita ukituma kama dokumenti lakini mi sipendi, ikishaingia kwenye kundi huijui itaishia wapi. Waya wa USB unatosha.

Muhtasari ukishathibitishwa kwenye kikao kinachofuata na mwenyekiti akasaini, uliza utaratibu wa ofisi yenu kuhusu rekodi, ikae muda gani na ishikwe na nani. Kwetu tulikubaliana kwamba ikishathibitishwa bila ubishi inafutwa kwenye simu ya katibu, na kama kuna hoja ambayo haijafungwa kwenye yatokanayo, ya fedha hasa, nakala inabaki kwenye kompyuta ya masjala mpaka aliyeahidiwa aseme amelipwa.